Anders Gustaf Ekeberg, mwalimu aliyesikia kwa shida na kuigundua tantale, metali iliyo ndani ya koltani ya Masisi

Jiwe jeusi linalochimbwa katika milima ya Rubaya, teritwari ya Masisi, linaitwa koltani na watu wote, kuanzia Muheto hadi Goma. Ndani yake kuna metali yenye bei kubwa, tantale, ambayo viwanda vya simu na kompyuta vinaitafuta duniani kote. Mtu wa kwanza kuitambua metali hiyo hakuwa mfanyabiashara wala mchimbaji. Alikuwa mwalimu wa kemia katika nchi ya Uswidi, aliyesikia kwa shida na kubaki na jicho moja tu linaloona. Jina lake ni Anders Gustaf Ekeberg.

Ekeberg alifariki mwaka wa 1813, akiwa na umri wa miaka 46. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa wanaamini kwamba metali yake haikuwa mpya, na kwamba mtu mwingine alikuwa ameipata kabla yake. Ilipita zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake ndipo ikaonekana wazi kwamba hakukosea. Maisha yake yanawahusu wakaaji wa Masisi na Walikale kuliko wanavyofikiri wengi, kwa sababu mabishano yaliyoanza juu ya jiwe lake ndiyo yaliyozaa hata jina lenyewe la koltani.

Mtoto aliyepoteza masikio

Ekeberg alizaliwa mjini Stockholm tarehe 16 mwezi wa kwanza mwaka wa 1767. Alipokuwa bado mtoto, ugonjwa ulimharibu masikio. Hakuwa kiziwi kabisa siku za kwanza, lakini kusikia kwake kuliendelea kupungua kadiri alivyokua. Wakati huo hapakuwa na kifaa chochote cha umeme cha kumsaidia mtu kusikia, na shuleni mwalimu alisimama mbele na kusema, wanafunzi wakaandika walichosikia.

Hata hivyo, mtoto huyo aliendelea na masomo katika miji ya kusini-mashariki mwa Uswidi, pamoja na Kalmar na Karlskrona. Kisha akaingia katika Chuo Kikuu cha Uppsala, ambako alimaliza masomo mwaka wa 1788. Kazi yake ya kumalizia masomo ilihusu mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu za mimea.

Kemia ilimfaa mtu wa hali yake. Katika labo, masikio si kitu cha kwanza. Mtu anatazama rangi ya maji kwenye chupa, anapima unga kwenye mizani, anachunguza moto unavyobadilika, anaona kama jiwe limeyeyuka au limebaki. Ekeberg alikuwa na macho mazuri na mikono yenye subira. Hivyo ndivyo vitu viwili alivyotegemea.

Baada ya Uppsala alisafiri hadi Ujerumani, akakaa Berlin na Greifswald ili kuongeza ujuzi. Aliporudi nyumbani, Uswidi ilikuwa inatoka katika vita na Urusi. Amani ilitiwa saini mwezi wa nane mwaka wa 1790, na Ekeberg, ambaye alipenda pia ushairi, aliandika shairi la kuifurahia amani hiyo. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1794, alianza kufundisha kemia huko Uppsala. Kazi hiyo aliishikilia kwa maisha yake yote.

Kemia kwa lugha ya nyumbani

Miaka hiyo kemia yenyewe ilikuwa imepinduliwa. Mfaransa Antoine Lavoisier alikuwa ameonyesha kwamba kitu kinapoungua, kinajiunga na gesi moja iliyo hewani, ambayo aliipa jina la oksijeni. Walimu wengi wa zamani walikataa. Ekeberg alikuwa kati ya watu wa kwanza nchini Uswidi kuyakubali mafundisho mapya na kuyaweka darasani.

Lakini aliona shida moja. Maneno yote mapya yalikuwa ya Kifaransa na ya Kigiriki. Mwanafunzi wa Uswidi alipaswa kwanza kupambana na maneno ya kigeni kabla ya kufika kwenye maana. Mwaka wa 1795, Ekeberg pamoja na mwenzake Pehr von Afzelius walitoa kitabu kidogo kilichopendekeza majina ya kemia katika lugha ya Kiswidi.

Walitumia maneno ambayo kila mtu nyumbani angeweza kuyahisi. Gesi ya haidrojeni, ambayo inazaa maji ikiungua, waliipa jina linalotokana na neno la maji. Oksijeni wakaipa jina linalotokana na neno la uchachu. Naitrojeni, ambayo mnyama akifungiwa humo peke yake anakosa pumzi, wakaipa jina linalotokana na neno la kusonga pumzi. Majina hayo hayakufa. Hadi leo mtoto wa Uswidi anajifunza väte, syre na kväve shuleni, bila kujua kwamba anatumia maneno ya mtu aliyesikia kwa shida.

Mwaka wa 1799 Ekeberg alipokelewa kuwa mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi. Alikuwa na umri wa miaka 32.

Machimbo madogo yenye siri kubwa

Karibu na Stockholm, kwenye kisiwa cha Resarö, kuna kijiji kinachoitwa Ytterby. Watu walichimba huko mawe meupe ya kutengenezea vyombo vya kauri. Mwaka wa 1787, ofisa wa jeshi Carl Axel Arrhenius aliokota huko jiwe jeusi na zito ambalo hakulijua. Alilipeleka kwa wataalamu. Mwaka wa 1794, mwanakemia Johan Gadolin, aliyefundisha katika mji wa Åbo nchini Ufini, alitangaza kwamba zaidi ya theluthi ya jiwe hilo ni aina ya udongo ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Tangazo la mtu mmoja halikutosha. Ilikuwa lazima mwingine arudie kazi hiyo na kufikia jibu lile lile. Ekeberg ndiye aliyefanya hivyo mwaka wa 1797. Alilivunja jiwe, akaliyeyusha, akatenganisha sehemu zake na kuzipima upya. Akathibitisha kwamba Gadolin alisema kweli, na akaupa udongo ule mpya jina la itria, kutokana na kijiji cha Ytterby. Metali iliyo ndani yake ndiyo inayoitwa leo itriumu.

Kijiji hicho kimoja kimetoa majina ya metali nne: itriumu, terbiumu, erbiumu na iterbiumu. Hakuna kijiji kingine duniani chenye sifa hiyo.

Chupa iliyopasuka

Mwaka wa 1801, Ekeberg alikuwa kazini katika labo wakati chupa ilipopasuka mbele ya uso wake. Vipande viliharibu jicho lake moja, na jicho hilo halikuona tena.

Kwa mtu ambaye masikio tayari yalikuwa yanamtoka, hilo lilikuwa pigo kubwa. Macho ndiyo yaliyokuwa mlango wake wa kuingilia duniani na kifaa chake cha kazi. Wengi wangeacha. Yeye aliendelea na jicho lililobaki, na mwaka uliofuata, 1802, alifanya kazi iliyolifanya jina lake likumbukwe.

Alikuwa na mawe ya aina mbili. La kwanza lilitoka Kimito nchini Ufini, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi. La pili lilitoka Ytterby. Yote mawili yalikuwa meusi na mazito kupita kawaida. Ekeberg aliyasaga na kuyaunguza pamoja na chumvi kali ya aina ya potasi. Baada ya kuosha na kutenganisha, alibaki na unga mweupe.

Unga huo ulikuwa na tabia ya ajabu. Aliutia ndani ya asidi, haukuyeyuka. Alibadilisha asidi, akaongeza asidi, unga ukabaki vile vile chini ya chupa. Udongo wa metali nyingi zilizojulikana unakubali asidi moja au nyingine. Huu ulikataa. Ekeberg akatambua kwamba mbele yake kuna metali ambayo haijaandikwa katika kitabu chochote.

Alihitaji jina, akakumbuka hadithi ya Wagiriki wa kale. Mfalme mmoja aitwaye Tantalus aliwakosea miungu, naye akahukumiwa kusimama ndani ya maji yanayofika kidevuni huku akiungua kwa kiu. Kila alipoinama anywe, maji yalishuka. Unga wa Ekeberg nao ulisimama katikati ya asidi bila kunywa hata tone. Basi metali hiyo akaiita tantale. Jiwe la Kimito akaliita tantaliti.

Mtu wa London anasema hapana

Furaha haikudumu. Mwaka mmoja kabla, 1801, Mwingereza Charles Hatchett alikuwa amechunguza jiwe jeusi lililotoka Connecticut, Marekani, na kuhifadhiwa katika makumbusho ya London. Naye alisema amepata metali mpya, akaiita kolombiumu, kutokana na Columbia, jina la kishairi la Marekani.

Metali hizo mbili zilifanana mno. Zote zilitoa unga mweupe unaokataa asidi. Mwaka wa 1809, William Hyde Wollaston, mmoja wa wanakemia walioheshimiwa sana Uingereza, aliyachukua mawe yote mawili na kuyalinganisha. Akatangaza kwamba kolombiumu na tantale ni kitu kimoja. Kama ndivyo, Hatchett alitangulia, na Ekeberg hakugundua lolote.

Ndani ya vipimo vya Wollaston mwenyewe kulikuwa na alama iliyopaswa kumzuia. Jiwe la Hatchett lilikuwa na uzito wa karibu mara 5,9 ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Jiwe la Ekeberg lilifika karibu mara 7,9. Tofauti hiyo si ndogo. Mchimbaji yeyote wa Masisi anayeosha mchanga kwenye maji anaijua kwa mkono: jiwe lililo zito zaidi linatangulia chini, na jepesi linachukuliwa. Wollaston aliiona tofauti hiyo, akaitafutia maelezo mengine, akaipita.

Neno lake likaaminiwa na wengi. London ilikuwa na sauti kubwa kuliko Uppsala, na Ekeberg hakuwa mtu wa kusafiri kwenda kubishana kwenye mikutano. Alikuwa anasikia kidogo sana, anaona kwa jicho moja, na afya yake ilikuwa imedhoofika. Alifariki Uppsala tarehe 11 mwezi wa pili mwaka wa 1813, bila kuona haki yake.

Mwanafunzi hakumsahau mwalimu

Kati ya vijana waliopita Uppsala wakati wa Ekeberg kulikuwa na yatima mmoja maskini aliyesomea uganga, Jöns Jacob Berzelius. Alifundishwa kemia na Ekeberg. Kijana huyo alikuja kuwa mwanakemia mkubwa kuliko wote wa wakati wake. Ndiye aliyetoa utaratibu wa kuandika kila elementi kwa herufi moja au mbili, ule ambao wanafunzi wa Goma na Bukavu wanaukariri hadi sasa.

Berzelius alilitetea jina la tantale dhidi ya kolombiumu. Mwaka wa 1824 alifanikiwa kupata tantale yenyewe, ingawa haikuwa safi. Lakini hata yeye hakuweza kumaliza mabishano.

Aliyeanza kuyamaliza ni Mjerumani Heinrich Rose. Mwaka wa 1844 alionyesha kwamba ndani ya mawe hayo kuna zaidi ya metali moja. Moja ilikuwa tantale ya Ekeberg. Nyingine, ile iliyofanana nayo kama pacha, akaiita niobiumu, kutokana na Niobe, ambaye katika hadithi ya Wagiriki ni binti wa Tantalus. Mwaka wa 1866, Jean Charles Galissard de Marignac wa Geneva alipata njia ya kuzitenganisha kwa uhakika, akitumia chumvi za fluori: chumvi ya tantale inaganda upesi, na ile ya niobiumu inabaki ndani ya maji. Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha tena.

Kwa hiyo wote wawili, Hatchett na Ekeberg, walikuwa na haki. Kila mmoja alikuwa ameona metali yake. Aliyekosea ni yule aliyesema ni moja.

Jina la koltani linabeba kumbukumbu ya ugomvi huo. Ni kifupi cha kolombo-tantaliti: nusu ya kwanza ni kolombiumu ya Hatchett, nusu ya pili ni tantale ya Ekeberg. Wataalamu wa dunia waliliacha jina la kolombiumu karibu mwaka wa 1950 na kuchagua niobiumu. Lakini katika vilima vya Masisi jina la zamani bado linatamkwa kila siku, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba wanawataja watu wawili walioshindanishwa bila sababu.

Kutoka jiwe hadi mwangaza

Ekeberg hakuona kazi yoyote ya tantale. Kwa miaka 100 ilibaki kitu cha kuwekwa ndani ya chupa. Mwaka wa 1903, Werner von Bolton wa kampuni ya Siemens & Halske, Berlin, aliipata ikiwa safi na laini kiasi cha kuvutwa kuwa uzi mwembamba. Kwa kuwa inayeyuka tu ikipita digrii 3 000 za joto, uzi huo uliweza kuwaka mweupe bila kukatika upesi. Kuanzia 1905 ampuli za tantale ziliuzwa kwa mamilioni, zikachukua nafasi ya zile za uzi wa kaboni. Baadaye uzi wa tungisteni ulizishinda kwa kuwa unavumilia joto zaidi.

Kazi kubwa ya sasa ilianza katika miaka ya 1950, wakati vifaa vya umeme vilipoanza kupunguzwa ukubwa. Ndani ya simu kuna vipande vidogo vinavyoitwa kondansateri, ambavyo vinahifadhi umeme kwa muda mfupi na kuutoa unapohitajika. Unga wa tantale unashindiliwa na kuchomwa hadi ushikamane kama sponji. Kisha juu ya kila chembe linatengenezwa ganda jembamba sana la oksidi, ambalo haliruhusu umeme kupita. Ganda hilo ni kitu kile kile ambacho Ekeberg alikiona chini ya chupa yake: oksidi isiyokubali kushambuliwa. Tabia iliyomshangaza mwaka wa 1802 ndiyo inayonunuliwa leo kwa dola.

Na kazi zake nyingine ziko ndani ya taa. Taa ndogo za sola na tochi zinazotumiwa vijijini Masisi zinatoa mwangaza mweupe, lakini kipande cha umeme kilicho ndani yake kwa kweli kinatoa rangi ya buluu. Juu yake umewekwa unga wa njano wenye itriumu, metali ambayo Ekeberg aliupa udongo wake jina mwaka wa 1797. Unga huo umechanganywa na seriumu kidogo, metali iliyogunduliwa na mwanafunzi wake Berzelius pamoja na Wilhelm Hisinger mwaka wa 1803. Seriumu inachukua sehemu ya buluu na kuirudisha ikiwa njano. Buluu na njano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Mwalimu na mwanafunzi wanakutana katika taa moja.

Siku hizi wanasayansi wanatafuta mwangaza hata katika plastiki. Neno polima, linalotumika kwa plastiki zote, lilitungwa na Berzelius mwaka wa 1833, ingawa maana yake imebadilika tangu wakati huo. Polima ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vinavyojirudia. Kwa kawaida haupitishi umeme, ndiyo maana nyaya za nyumbani zinavikwa plastiki. Lakini mwaka wa 1977, Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba kuna polima zinazoweza kuupitisha. Siri iko kwenye viungo vya kaboni. Katika polima hizo, kiungo kimoja na kiungo cha mara mbili vinafuatana kwa zamu kwenye mnyororo wote, na elektroni hazifungwi mahali pamoja, bali zinaweza kusogea. Watatu hao walipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2000.

Mwaka wa 1990, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitangaza kwamba utando mwembamba wa polima ya aina hiyo, ukiwekwa kati ya vyuma viwili na kupewa umeme, unatoa mwangaza wa rangi kati ya njano na kijani. Tangu hapo wanakemia wanazichonga polima kama fundi anavyochonga ubao: wakirefusha au kufupisha sehemu ambayo elektroni zinatembea, au wakipachika matawi pembeni ya mnyororo, rangi inabadilika. Skrini nyingi za simu za bei kubwa zinatumia molekuli ndogo za jamii hiyo hiyo ya kaboni, si polima ndefu, lakini wazo ni moja.

Hata hivyo, skrini hiyo haijiendeshi. Nyuma yake kuna vipande vya umeme vinavyoilisha, na katika vifaa vingi tantale imo. Bati linalotoka kwenye kasiterite, ile inayochimbwa Walikale, ndilo linaloshikamanisha vipande hivyo.

Ujuzi na bei

Kwa Masisi na Walikale, historia hii si ya kufurahisha masikio tu. Bei ya koltani haitegemei uzito wa gunia peke yake. Inategemea tantale ni asilimia ngapi ndani ya jiwe. Magunia mawili yenye uzito sawa yanaweza kuwa na thamani tofauti kabisa, moja likiwa na tantale nyingi na lingine likijaa niobiumu. Mnunuzi ana mashine ya mkononi inayosoma kwa miale na kutoa jibu mara moja. Mchimbaji mara nyingi hana, na hukubali anachoambiwa.

Ujuzi huo ndio uliomkosesha Ekeberg haki yake, na ndio unaomkosesha mchimbaji faida yake: tofauti kati ya metali mbili zinazofanana kwa macho. Uzito wa jiwe lenyewe unatoa dalili. Tantaliti ni nzito kuliko kolombiti, kama vipimo vya 1809 vilivyoonyesha. Dalili hiyo haitoshi, kwa sababu kasiterite nayo ni nzito na mawe mengine yanachanganyika, lakini inasaidia mtu kujua la kuuliza kabla ya kupokea pesa.

Wakaaji wa Kivu ya Kaskazini wanakumbuka mwisho wa mwaka wa 2000, wakati bei ya koltani ilipopanda ghafla. Watu waliacha mashamba na watoto waliacha shule. Mwaka uliofuata bei ikaanguka. Mwaka wa 2018 serikali ya Kongo iliiweka koltani katika orodha ya madini ya kimkakati, pamoja na kobalti na jerimaniumu. Mwezi wa nne mwaka wa 2024, Rubaya ilianguka mikononi mwa M23, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulisema kwamba zaidi ya asilimia 15 ya tantale ya dunia inatoka huko. Katikati ya hayo yote, udongo wa mashimo unaendelea kuporomoka na kuwafukia vijana.

Mfalme wa hadithi alisimama ndani ya maji bila kunywa. Wengi wa wale wanaosimama juu ya tantale leo wako katika hali hiyo hiyo, wala hawakumkosea mungu yeyote.

Ekeberg hakuacha mali wala kampuni. Aliacha maneno ambayo watoto wa nchi yake wanasomea kemia, mwanafunzi aliyemzidi, na jina la metali moja ambalo London ilishindwa kulifuta. Katika jedwali la elementi, tantale iko kwenye nafasi ya 73 na inaandikwa Ta. Niobiumu iko juu yake moja kwa moja, katika safu ile ile, nafasi ya 41. Ni majirani, lakini kila moja ina nyumba yake, kama mwalimu wa Uppsala alivyosema.